Tujaze Ndiva Kwanza: Mitihani ya Nadharia Kabla ya Saa za Angani

Maelezo ya Mweka Hazina kwenye chakula cha hisani cha wana-Usangi waishio Dar es Salaam



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Najua mweka hazina akisimama kwenye shughuli kama hii, nusu ya watu hutafuta pochi na nusu hutafuta mlango. Naomba mtulie. Kuomba nitaomba, lakini mwishoni. Kwanza nina deni la kujibu swali.

Swali hilo liliulizwa kwenye mkutano mkuu, likarudiwa kwenye kundi letu la simu, na juzi nikaulizwa tena msibani, nikiwa nimeshika sahani ya makande. Swali lenyewe ni hili: "Yule binti tuliyemchangia awe rubani, mbona mwaka unaisha hajagusa ndege? Kila tukiuliza tunaambiwa anasoma vitabu. Hela yetu inafanya nini?"

Ni swali la haki. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunahesabu mpaka senti. Mimi sioni kwamba ni tusi, maana ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Basi leo tuhesabu pamoja.

Jibu kwa kifupi: hajagusa ndege kwa sababu mimi nilikataa kulipa. Binti alikuwa tayari, chuo kilikuwa tayari kupokea fedha, na baadhi ya wajumbe wa kamati walitaka tulipe ili tupate picha ya kuweka kwenye jarida hili, binti amesimama kando ya ndege. Nilisema hapana, mpaka amalize mitihani yote ya nadharia. Kamati ikakubali kwa kura, na si kwa kura nyingi. Kama kuna wa kulaumiwa, ni huyu anayeongea.

Sasa niwaambie kwa nini.

Wengi wenu mnajua kwamba kaka yangu mkubwa aliuza kiwanja chake cha Mwanga ili mwanawe asomee urubani. Kijana alikuwa na akili na moyo alikuwa nao. Tangu mdogo, akisikia ndege inayokwenda KIA inapita juu ya milima, alikuwa anaacha kuku, anaacha mbuzi, anakimbilia uwanjani kuitazama. Familia ilipokaa kuzungumza, mimi ndiye niliyeombwa kupitia karatasi za chuo, maana mimi ndiye mhasibu. Nilizipitia. Nilijumlisha, nikazidisha, nikaona hesabu ya saa 40 inaingia kwenye fedha ya kiwanja na chenji inabaki. Nikasema, "Inatosha." Nikasaini kama mdhamini.

Saa 40 sikuzitunga. Ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na ICAO, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwa leseni ya rubani binafsi, ile ngazi ya kwanza ambayo huruhusiwi kulipwa mshahara kwa kurusha ndege. Kosa langu lilikuwa kuchukua kiwango cha chini nikakifanya bajeti. Hakuna mhasibu anayeruhusiwa kufanya hivyo ofisini, lakini kwa mtoto wa nyumbani nilifanya.

Kijana alianza kuruka wiki ile ile aliyofika. Nadharia aliambiwa ataisoma jioni, polepole, huku anaendelea. Nani angekataa? Sisi wenyewe tulitaka picha. Alituma ya kwanza, amevaa miwani myeusi, na mama yake akaitia kwenye fremu.

Kilichofuata nilikuja kukielewa baadaye sana, nilipoketi na kitabu chake cha kumbukumbu za kuruka nikakisoma kama ninavyosoma leja. Somo la tano limerudiwa mara tatu. Somo la saba limerudiwa mara mbili. Kisha pengo la wiki sita, kwa sababu fedha ilikuwa imechelewa kutoka nyumbani. Baada ya pengo, masomo mawili ya kukumbushia yale ya nyuma. Kisha pengo jingine. Ada ilikuwa kwa dola na kiwanja kiliuzwa kwa shilingi, kwa hiyo kila pengo lilipokuwa likipita, ile chenji niliyoiona mwanzoni ilikuwa inaliwa na bei ya dola. Alipofikisha saa 31 fedha iliisha. Kati ya mitihani ya nadharia, alikuwa amefaulu miwili. Leseni hakupata, na hata nusu yake hakupata, kwa sababu leseni haina nusu.

Aliporudi, kaka yangu alikuja kwangu Tabata, akaketi, akanywa chai hadi ikaisha, ndipo akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, hizo saa 31 zilizoandikwa humo, hatuwezi kuziuza kwa mtu mwingine?"

Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Kiwanja kikiuzwa unapata fedha. Nyumba isiyoisha unaweza kuiuza na msingi wake. Lakini saa za angani za mtu aliyeishia njiani ni zake peke yake, na kadiri miaka inavyokwenda hata yeye mwenyewe zinamtoka mikononi.

Ndugu zangu, nadharia ni nini hasa, mpaka nikaizuia ndege kwa ajili yake?

Mtu anayeingia fani hii anasoma vitu vingi kabla ya kuaminiwa angani. Nitatoa mfano wa Uingereza, kwa kuwa mpangilio wao umeandikwa wazi. Kwa leseni ya rubani binafsi kuna mitihani 9: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa njia, mawasiliano ya redio, kanuni zinazoifanya ndege iruke, ujuzi wa ndege na injini yake, utendaji na mipango ya safari, taratibu za uendeshaji, na mwili wa binadamu na mipaka yake. Kila mtihani unataka alama 75 kwa mia. Marekani wana mtihani mmoja wa maswali 60, na alama ya kufaulu ni 70. Na mtu akitaka kufika ngazi ya juu kabisa, ya kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, huko Ulaya kozi ya nadharia peke yake inataka saa zisizopungua 650 za mafunzo. Mwenye akili ya hesabu ameshaona: saa za darasani ni nyingi kuliko saa zote za ndege atakazolipiwa mwanafunzi kabla ya kupata leseni ya biashara, ambazo kwa kiwango cha ICAO ni 200, au 150 akiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa.

Lakini msidhani ni mambo ya kukariri tu. Nitawapa mifano mitatu.

Wa kwanza unahusu joto na mwinuko. Uwanja wa KIA uko karibu futi 2,930 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya vitabu, kimo hicho hewa inatakiwa iwe na nyuzi 9 za Selsiasi. Sasa fikiria mchana wa Februari, joto ni nyuzi 30. Hewa ya joto ni nyepesi, mbawa zinapata kidogo cha kushika, na injini inavuta hewa hafifu. Kanuni ya haraka inasema kila nyuzi moja iliyozidi, ongeza futi 120. Zimezidi 21, 21 mara 120 ni futi 2,520. Kwa hiyo ndege imesimama KIA, lakini inafanya kazi kana kwamba iko futi 5,450. Itahitaji njia ndefu zaidi kunyanyuka, na itapanda polepole, huku milima yetu haisogei kumpisha mtu. Kilele cha Shengena peke yake ni mita 2,462. Hesabu hii binti yetu anaifanya kwa kalamu mezani kwa dakika mbili. Asiyeisoma atafundishwa ndani ya ndege, na kwenye vyuo vingi mita ya malipo inaanza kuhesabu injini inapowaka.

Mfano wa pili ni altimita, ile saa inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Haipimi kimo kwa kamba, inapima mgandamizo wa hewa, na mgandamizo hubadilika. Kila hektopaskali moja ni takribani futi 30. Ukisahau kurekebisha, na mgandamizo ukawa umeshuka kwa hektopaskali 10, saa yako inakudanganya kwa futi 300, na inakudanganya kwa upande mbaya: inasema uko juu wakati uko chini.

Wa tatu utawashangaza wenyeji wa Dar es Salaam. Ndege nyingi ndogo za kujifunzia zina injini ya kabureta. Kabureta inaweza kuganda barafu ndani yake nje kukiwa na nyuzi 25 na unyevu mwingi, joto hili hili tunalolilalamikia humu ukumbini. Hewa ikipita kwenye koo la kabureta na petroli ikiyeyuka kuwa mvuke, joto linashuka ghafla na barafu inajijenga. Dalili yake ni injini kupungua nguvu kidogo kidogo. Mwanafunzi aliyesoma anavuta kitasa cha hewa moto. Asiyesoma anashangaa kwa nini injini inakohoa, na mkufunzi anamweleza huku mita inahesabu.

Hayo yote yanafundishika mezani, kwa bei ya meza. Angani mwanafunzi anatakiwa aende kujifunza yale tu yasiyofundishika mezani: mkono, jicho na utulivu. Kwa mahesabu ya familia yetu wakati ule, bei ya saa chache tu za ndege ingemnunulia kijana vitabu vyote na kumlipia mwalimu wa kumsimamia. Sisi tulilipa saa 31 ili aende kuuliza maswali angani.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ndege. Nyumbani tuna ndiva. Vijana mliozaliwa huku mjini, ndiva ni bwawa dogo la kienyeji mlimani, linalokinga maji ya kijito. Usiku linazibwa, maji yanaingia kidogo kidogo hadi asubuhi. Asubuhi linafunguliwa, na maji yanatoka kwa nguvu, yanafuata mfereji, yanafika mpaka shamba la mwisho. Babu yangu alikuwa mmoja wa waliopewa zamu ya kuliziba. Mtu mwenye haraka alikuwa anasema, "Kwa nini tungoje? Kijito kinatiririka, tufungulie tu moja kwa moja." Babu alimwacha ajaribu. Maji yalipita shamba la kwanza, yakalamba la pili, la tatu yakaishia mchangani. Maji yalikuwa yale yale ya usiku mmoja, lakini mahindi ya mwisho yalikauka.

Kijana wetu tulimfungulia kijito. Kwa binti huyu tumeamua kujaza ndiva. Na ndiva yake ina vyumba viwili, kimoja cha elimu na kingine cha fedha. Vyote vijae, ndipo tufungue.

Sasa, mimi ni mhasibu, si mhubiri, kwa hiyo lazima niwaambie na upande wa pili. Mpango huu una hatari zake.

Hatari ya kwanza ni kwamba matokeo ya mitihani yana tarehe ya kuisha. Kule Uingereza, ukikaa mtihani wa kwanza una miezi 18 ya kumaliza yote, na ukimaliza, una miezi 24 ya kutumia matokeo hayo kupata leseni ya rubani binafsi. Marekani nako ni miezi 24. Kwa leseni ya biashara huko Ulaya ni miezi 36. Maana yake, mtu akimaliza nadharia halafu akakaa nyumbani akisubiri michango, ndiva inavuja. Kwa hiyo sisemi asome leo aruke siku Mungu akipenda. Nasema asome huku sisi tunakusanya, na siku anayomaliza mtihani wa mwisho fedha iwe imeshalala benki, aruke mfululizo bila mapengo. Huo ndio wajibu wetu humu ndani. Binti akitimiza upande wake nasi tukachelewa upande wetu, kosa litakuwa letu, na safari hii sitamlaumu mtu wa chuo.

Hatari ya pili ni afya. Mtu anaweza kufaulu kila karatasi kisha daktari akasema macho hayatofautishi rangi inavyotakiwa, au moyo una hitilafu. Ndiyo maana kabla ya kitabu cha kwanza tulimpeleka kwa daktari aliyeidhinishwa kupima marubani, akapimwa kwa cheti cha daraja la kwanza, lile linalotakiwa kwa rubani wa biashara, ingawa kwa ngazi anayoanzia la pili lingetosha. Alipata. Stakabadhi ya daktari ndiyo hati ya malipo namba moja kwenye faili lake.

Hatari ya tatu niliambiwa na mkufunzi mmoja mstaafu, na nilimwona ana busara. Alisema mwanafunzi asiyewahi kukaa ndani ya ndege ndogo anaisoma nadharia kama mtu anayesoma habari za bahari bila kuiona. Akashauri tumlipie safari moja fupi ya kuonja, tuone kama tumbo linakubali na kama bado anaitaka kazi hii. Tulifanya hivyo. Alikwenda mara moja, kama abiria aliyeruhusiwa kushika usukani kidogo, akatapika, akafuta mdomo, akasema anataka kurudi. Hapo nikajua tunaye.

Na sasa hali ya darasani. Mitihani yote amefaulu isipokuwa miwili iliyobaki. Sitawaficha kwamba hali ya hewa alifeli mara ya kwanza, alipata 68. Alinipigia simu analia, "Shangazi, nimewaangusha." Nikamwambia aniambie gharama ya kurudia mtihani. Alipoitaja nilicheka, naye akanyamaza akidhani nimekasirika. Nilicheka kwa sababu kaka yangu aliwahi kulipa mara nyingi zaidi ya hiyo kwa asubuhi moja tu ya kurudia somo la tano. Kufeli mezani ni kufeli kwa bei nafuu. Amerudia, amefaulu.

Nataka pia niwakumbushe kwamba kutangulia kusoma si uoga na si ushamba. Yupo mwanamke aliyeitwa Bessie Coleman, mtu mweusi, aliyezaliwa Texas nchini Marekani mwaka 1892. Alifanya kazi saluni huko Chicago, ya kutengeneza kucha. Vyuo vya ndege vya nchi yake vilimkataa kwa rangi yake na kwa kuwa mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la watu weusi la pale Chicago, alimshauri aende Ufaransa. Lakini Ufaransa wanafundisha kwa Kifaransa. Kwa hiyo kabla ya kugusa ndege yoyote, alijifunza Kifaransa kwanza, huku akiweka akiba, na watu wa jamii yake wakamwongezea. Alivuka bahari mwaka 1920, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Alijaza ndiva, kisha akafungua. Na ndiva yake ilijazwa na watu waliokaa kwenye viti kama hivi mlivyokalia.

Nijibu sasa na swali la mzee wetu, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya heshima na wengi walimpigia makofi. Alisema: "Paa la zahanati linavuja, nanyi mnampeleka mtoto mmoja angani." Mzee, una haki ya kuuliza, na sitaki kukuzunguka. Paa la zahanati lina akaunti yake. Fedha yake haijaguswa na haitaguswa. Ukurasa wa mapato na matumizi uko ndani ya jarida hili, na leja yenyewe iko pale mezani kwa katibu, yeyote afungue. Pili, fedha ya binti si sadaka. Amesaini mkataba, na mama yake amesaini: akianza kulipwa mshahara, anarudisha kwa awamu, na atakachorudisha kitamsomesha mwingine, awe rubani, fundi wa ndege au muuguzi. Sikuahidi kwamba fedha hiyo lazima irudi. Nimeahidi kwamba haitatoka mara moja yote, wala haitatoka bila ushahidi.

Utaratibu wetu ni huu. Hatua ya kwanza, daktari: imekamilika. Hatua ya pili, nadharia: imebaki mitihani miwili. Hatua ya tatu, saa za kuruka za leseni ya rubani binafsi. Baada ya hapo tunasimama, tunakuja kwenu tena na taarifa, na ninyi mnaamua kama tuendelee na leseni ya biashara au binti atafute mkopo na ufadhili kwingine akiwa tayari na leseni ya kwanza mkononi. Kila hatua ina mlango wake, na ufunguo uko kwenu.

Kwa hatua ya tatu sikuweka saa 40. Nimejifunza. Nimeweka saa 55, na fedha tutaihifadhi kwa dola tangu siku tunayoipata, maana ada inadaiwa kwa dola. Chuo hatutakilipa yote kwa mkupuo. Tutalipa kwa mafungu, na kila fungu litafuata kurasa za kitabu chake cha kumbukumbu zilizosainiwa na mkufunzi.

Na sasa, mkumbuke nilisema kuomba nitaomba mwishoni. Marubani hawaandiki muda wao kwa dakika moja moja. Wanaugawa kwa sehemu za kumi za saa, na sehemu moja ni dakika sita. Saa 55 ni dakika sita mara 550. Kwa hiyo kwenye meza zenu mmekuta bahasha ndogo. Kila bahasha ni dakika sita. Mwenye uwezo achukue kumi, awe amelipia saa nzima. Mwenye kidogo achukue moja. Wanaoshindwa moja waungane watatu. Babu zetu walichimba mifereji kwa msaragambo, na hakuna aliyeulizwa kwa nini jembe lake ni dogo. Binti ataandika majina yenu kwenye daftari lake, kila saa na waliyoilipia, na mimi nitalilinganisha na leja.

Mpaka jana jioni bahasha zilizokwisharudi ni 212. Zimebaki 338. Karatasi mbili za binti ziko mbele yake mwezi ujao. Yaani ana mwezi mmoja wa kujaza chumba chake, nasi tuna mwezi mmoja wa kujaza chetu. Hayo ndiyo mashindano yetu, na ningependa atukute tumemaliza.

Neno la mwisho ni la nyumbani kwetu. Mtoto wa kaka yangu nilimwalika leo. Hakuja, na simlaumu; si rahisi kukaa ukumbini watu wakihesabu bahasha za safari ambayo wewe uliishia njiani. Ana duka lake la vifaa vya umeme, anahudumia wazazi wake, na ni mtu mzima mwema. Lakini Jumapili iliyopita alifika kwangu na sanduku la vitabu, akasema nimpelekee binti. Nilipolifungua baada ya yeye kuondoka, nilikuta nusu ya vitabu vile bado vimo kwenye plastiki ya dukani. Havikuwahi kufunguliwa. Tulimnunulia wenyewe, kisha tukamkimbiza uwanjani kabla hajavisoma, kwa sababu tulitaka picha.

Binti amevichana vyote ile plastiki. Nimemwona kwa macho yangu, amekaa kwenye mkeka sebuleni kwangu, kalamu mkononi.

Picha yake kando ya ndege itakuja kwenye jarida la mwakani, Mungu akitujalia. Katibu yuko pale mezani na kitabu cha stakabadhi. Naombeni msiondoke bila stakabadhi zenu.